Bendi Isiyokuwa na Bosi: Miaka 45 ya The Ex Kwenye Santuri

Kuna bendi ya Uholanzi iliyochagua jina lake kwa sababu moja: lilikuwa rahisi kuandika ukutani. Herufi tano, mkebe mmoja wa rangi ya kupuliza, sekunde chache, halafu unatoka mbio kabla askari hajatokea kwenye kona. Bendi hiyo inaitwa The Ex. Ilianza 1979, mwaka ambao Walkman ya kwanza ilitoka Japani, na hapa kwetu Moi ndio alikuwa ameingia Ikulu mwaka uliotangulia. Na sai, unaposoma hii, bado wanapiga. Albamu yao ya karibuni, If Your Mirror Breaks, ilitoka 2025.

Zaidi ya miaka 45, wasee. Wengi wetu hatuwezi kukaa kwenye grupu moja ya WhatsApp miaka miwili bila mtu kutoka kwa hasira.

Najua neno panki likitajwa unafikiria nywele zilizosimama kama miiba, pini kwenye shavu, na ile tisheti nyeusi ya Ramones uliyookota Toi kwa mia mbili bila kujua Ramones ni nani. Sikulaumu. Panki imeuzwa kama nguo kwa muda mrefu hadi watu wamesahau kwamba ilikuwa namna ya kufanya kazi. Ndiyo maana leo sitaki tuongee kuhusu nywele. Nataka tuifuate bendi hii moja kupitia kitu kimoja tu: walichorekodi. Kwa sababu ukizipanga santuri zao moja baada ya nyingine, kuna swali linarudi kila mara, na ni swali letu pia hapa Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ukisharekodi kazi yako, ni nani anaimiliki? Na ukishaimiliki, unamfungulia nani mlango?

Turudi nyuma kidogo ili uelewe walikotokea.

Panki ilipolipuka 1976 na 1977, ilikuja na ahadi kubwa: huhitaji kusomea muziki, huhitaji pesa nyingi, shika gitaa uanze. Lakini kampuni kubwa hazikulala. Sex Pistols walisainiwa na EMI, wakaachwa, wakasainiwa na A&M, wakaachwa, wakaishia Virgin. Walitoa albamu moja tu ya studio, Oktoba 1977, na kufikia Januari 1978 walikuwa wameshasambaratika. The Clash walisaini na CBS. Kufikia 1979, wengi walikuwa wanasema panki imekufa, na ukiangalia vizuri, walikuwa na haki kiasi. Kile kilichoanza kama hasira ya vijana kilikuwa tayari kiko dukani, kimebandikwa bei.

Vijana wa Amsterdam na wa Wormer, mji mdogo ulio kaskazini yake, walisoma somo tofauti kutoka kwa hiyo hadithi. Kama kampuni ndizo zinaua bendi, basi usiende kwa kampuni.

Wenyewe wamesimulia kwamba walipoanza walipiga kura kwa vijiti kuamua nani atashika chombo gani. Terrie akaangukia gitaa. G.W. Sok akaangukia kuimba, ingawa ukimsikiliza utagundua haimbi hasa. Anaongea kwa mdundo, anasukuma maneno, anakasirika kwa mpangilio. Msee wa kurap wa Dandora angemwelewa mara moja, hata bila kufuata kila neno. Mkono wake pia unaonekana kwenye majalada mengi ya santuri zao, kwa hivyo bendi haikuhitaji kwenda kwa kampuni ya matangazo kutafuta sura.

Na walikuwa wanaishi wapi? Hapa ndipo historia inaingia. Amsterdam ya wakati huo ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba, huku majengo mengi yakikaa matupu kwa sababu wenyewe walikuwa wanangoja bei ipande. Vijana wakaanza kuyaingia, wanabadilisha kufuli, wanaweka kitanda na meza, wanaishi. Sheria ya Uholanzi ililivumilia jambo hilo kwa muda mrefu, mpaka lilipopigwa marufuku 2010. Tarehe 30 Aprili 1980, siku Malkia Beatrix alipotawazwa, vijana waliingia barabarani na ujumbe mmoja: hakuna nyumba, hakuna kutawazwa. Jiji likageuka uwanja wa vita kati yao na polisi. The Ex walikuwa sauti ya watu hao. Albamu yao ya kwanza, Disturbing Domestic Peace, ilitoka mwaka huo huo wa 1980. Jina lake ni mchezo kwa lugha ya kisheria, kosa la kuvuruga amani ya nyumba ya mtu, na ukijua walikuwa wanaishi wapi unacheka.

Ukiisikiliza leo, sitakudanganya, ni mbichi. Magitaa yanakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye lami. Lakini uliza swali ninalolifuata: ya nani? Ni yao. Santuri za miaka hiyo zilitoka kwa lebo ndogo za marafiki na lebo walizoanzisha wenyewe, na baadaye kwa Ex Records, lebo ya bendi. Hakuna mzee wa suti aliyekuwa na kanda kuu kwenye kabati lake.

Na uhuru huo unauona kwenye maumbo ya vitu walivyotoa. Kampuni ingekwambia: ngoma kumi, dakika arobaini, moja ya redio. Wao 1983 wakatoa Dignity of Labour, boksi lenye santuri ndogo nne, kuhusu kiwanda cha karatasi cha Wormer, kiwanda cha mji wao, na kazi iliyokufa pale. Nani angetoa pesa kwa kitu kama hicho? Ni kama msanii wa Webuye leo atoe ngoma nane zote kuhusu Pan Paper. Hakuna lebo ingekubali. Lakini ukikulia kwenye kivuli cha kiwanda kile, unajua hiyo ndiyo stori kubwa kuliko zote.

Halafu 1986 wakafanya kitu ambacho mimi nakiona bado hakijapata mpinzani. Ilikuwa imepita miaka 50 tangu majenerali wa Uhispania wajaribu kupindua serikali, Julai 1936, na wafanyakazi wa Barcelona wakajibu kwa kushika silaha, kisha wakachukua viwanda na hata tramu za jiji na kuziendesha wenyewe. The Ex walitoa 1936, The Spanish Revolution: santuri ndogo mbili zenye ngoma nne, ndani ya kitabu cha picha chenye kurasa zaidi ya mia moja. Picha zenyewe zilitoka kwenye hifadhi ya chama cha wafanyakazi cha CNT. Baadhi ya ngoma ni nyimbo za zamani za vita hivyo, zikaimbwa kwa Kihispania. Kwa hivyo ulinunua muziki, ukapata darasa la historia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa hawa watu santuri ni mahali pa kuhifadhi vitu vya watu wengine pia.

Mlango ulianza kufunguka polepole. Katherina Bornefeld aliingia kwenye ngoma 1984, na ukitaka kujua kwa nini The Ex hawasikiki kama bendi nyingine ya panki, anzia kwake. Panki ya kawaida inakimbia moja kwa moja kama matatu usiku Thika Road. Yeye anazungusha. Anagonga pembeni, anaacha nafasi, anaweka kengele pale usipotarajia. Mara nyingine anaimba huku anapiga. Mwaka 1989 ikaja Joggers & Smoggers, albamu ya santuri mbili iliyojaa wageni. Mwaka 1990 Andy Moor, mpiga gitaa kutoka bendi ya Dog Faced Hermans ya Scotland, akaingia. Magitaa mawili sasa, hakuna linaloongoza, yanasemezana kama watu wawili wanaobishana bila kutukanana.

Halafu 1991, Scrabbling at the Lock, pamoja na Tom Cora. Huyu alikuwa Mmarekani, mpiga chelo, fidla kubwa ile unayoiweka katikati ya magoti. Fikiria: bendi ya panki inamkaribisha mtu wa chelo, na hawamweki nyuma kama pambo. Anapiga chelo kama gitaa lingine lenye hasira. Walifanya albamu mbili naye, ya pili ikiwa And the Weathermen Shrug Their Shoulders ya 1993. Cora alifariki 1998, bado kijana. Watu wengi wanaoipenda The Ex leo waliingilia mlango huo.

Mwaka huo huo wa 1998 walienda Chicago kurekodi Starters Alternators na Steve Albini. Kama hulijui jina, ndiye aliyerekodi In Utero ya Nirvana 1993. Albini alifariki 2024, na namtaja kwa sababu ya msimamo wake mmoja wa pesa. Watayarishaji wengi wa kiwango chake huchukua asilimia ya kila nakala inayouzwa, milele. Yeye alikataa. Alisema anataka kulipwa kama fundi wa mabomba: umekuja, umefanya kazi, umelipwa, umeenda nyumbani. Muziki si wake, ni wa bendi. Na lebo iliyoitoa albamu hiyo Marekani, Touch and Go ya Chicago, ilijulikana kwa mikataba ya kushikana mikono na kugawana faida nusu kwa nusu. Unaona vile watu hawa walikuwa wanatafutana? Hakuna aliyebahatika. Walikuwa wanachagua.

Sasa tuje karibu na nyumbani.

Mimi niliijua The Ex kupitia mlango wa nyuma, mlango wa Ethiopia. Nilikuwa natafuta muziki wa Getatchew Mekuria. Kama umewahi kula injera pale Kilimani na kusikia saksafoni inayolia kama mtu anayetisha maadui zake, kuna uwezekano ilikuwa yake. Alizaliwa 1935, akaanza kupiga kwenye bendi ya manispaa ya Addis Ababa akiwa bado mtoto, baadaye akawa kwenye bendi kubwa za serikali, ikiwemo ya polisi. Alichukua shellela, majigambo ambayo mashujaa walipiga kabla ya vita, akayahamishia kwenye saksafoni. Hebu waza mtu achukue vivugo vya wazee wa kijijini kwenu avipige kwa tarumbeta, na ubaki unahisi mkuki. Jukwaani alivaa vazi la kishujaa na kofia ya manyoya ya simba.

Lakini muziki wa Addis uliumia. Derg walipochukua serikali 1974 wakaweka amri ya kutotoka nje usiku, na amri hiyo ikakaa miaka mingi. Sasa niambie, klabu ya muziki inaishi vipi kama saa za klabu ni marufuku? Wanamuziki wengine wakakimbilia nje. Santuri zikaacha kutengenezwa, kaseti zikachukua nafasi. Rekodi za zama zile nzuri zilirudi masikioni mwa dunia kupitia mfululizo wa Éthiopiques, uliosimamiwa na Mfaransa Francis Falceto kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Toleo la 14 lote ni la Getatchew.

Terrie wa The Ex alikuwa amesafiri Ethiopia na kurudi na kaseti. Mwaka 2002 bendi yote ikaenda kupiga huko, kisha wakarudi tena. Halafu 2004, walipokuwa wanasherehekea miaka 25 ya bendi Amsterdam, wakamwalika Getatchew. Mzee akaja, akapiga, akawasikiliza. Na hapa ndipo stori inageuka kichwa chini, kwa sababu yeye ndiye aliyewaomba wao. Alitaka kufanya albamu, na The Ex wawe bendi yake ya kumsindikiza.

Soma hiyo tena. Kwa kawaida tunajua inavyoenda. Mzungu maarufu anakuja, anapenda mdundo, anauweka kwenye albamu yake, jina lako linaandikwa kwa herufi ndogo nyuma, kama limeandikwa kabisa. Hapa mzee wa miaka karibu 70 ndiye anaajiri. Anachagua nyimbo, na wale wapanki wanajifunza. Albamu ikatoka 2006, inaitwa Moa Anbessa, yaani simba mshindi. Kwenye jalada jina linaloanza ni Getatchew Mekuria. The Ex wanafuata, wageni wengine wanafuata. Ilitolewa na Terp, lebo ndogo ya Terrie. Baada ya hapo wakazunguka Ulaya pamoja kwa miaka, na 2012 wakatoa nyingine, Y'Anbessaw Tezeta. Getatchew alifariki Aprili 2016, akiwa na miaka 81, mtu ambaye uzeeni alikuwa na kazi zaidi ya vijana wengi ninaowajua.

Muziki wenyewe ukoje? Nguvu. Magitaa mawili yanakwaruza kwenye ngazi ya noti tano za Kihabeshi, Katherina anazungusha zile kengele, na saksafoni inasimama juu ya kila kitu kama mzee aliyeingia kwenye kikao na kila mtu akanyamaza. Hakuna aliyelainishwa ili amtoshe mwenzake.

Kwa nini naona hili ni kubwa? Kwa sababu kuna simba mwingine, na nataka uwaweke wawili hawa kando kwa kando. Mwaka 1939, Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo unaoitwa Mbube, neno la Kizulu lenye maana ya simba. Aliuachia kwa kampuni ya rekodi kwa shilingi kumi. Wimbo huo ukageuzwa Marekani, ukabadilishwa jina, ukaimbwa na dunia nzima, ukaingia mpaka kwenye The Lion King. Linda alifariki 1962 akiwa maskini. Familia yake ilipata makubaliano ya kulipwa baada ya kesi ndefu, na mwaka wa makubaliano hayo ni 2006. Mwaka ule ule wa Moa Anbessa.

Simba wawili, mwaka mmoja. Mmoja ilibidi mawakili waende kumtafutia haki yake miaka zaidi ya 40 baada ya kuzikwa. Mwingine jina lake lilikuwa mbele kwenye jalada, na yeye mwenyewe yuko jukwaani, hai, anacheka na simba kichwani.

Tofauti haikuwa moyo mzuri peke yake. Watu wengi wenye moyo mzuri wamewahi kula jasho la wengine kwa sababu mkataba uliandikwa na mtu mwingine. Tofauti ni kwamba The Ex walikuwa na uwezo wa kufanya haki, juu hawakuwa na bosi wa kuwakataza. Hakuna kampuni iliyosema jina la mzee wa Addis haliuzi, liwekeni nyuma. Miaka 25 ya kubeba spika zao wenyewe ndiyo iliyowapa nafasi ya kukaa nyuma ya mtu mwingine bila kuomba ruhusa.

Na haikuwa mara moja. Kabla ya albamu hiyo walikuwa wamezunguka Ulaya na Konono N°1 wa Kinshasa, kundi la Mzee Mingiedi, wale wanaopiga likembe, jamaa ya kalimba, kupitia vipaza sauti walivyojitengenezea kwa sumaku za vipuri vya magari. Terp ilitoa rekodi yao ya jukwaani, Lubuaku, 2004, kabla dunia haijaanza kuwashangilia. Kwenye albamu yao ya Turn ya mwaka huo huo, The Ex wanapiga mdundo wa Konono na wanautaja kwenye jina la wimbo, na kuna ngoma nyingine kutoka Eritrea, Huriyet. Wanaonyesha walikochota maji.

Sasa kuna mtu tayari anaandika hapo chini: "Rahisi kusema, hao ni Wazungu." Na ana pointi. Tuwe wakweli. Kijana wa Amsterdam wa 1980 asiye na kazi alikuwa anapata posho ya serikali. Alikuwa na jengo tupu la kuishi bila kodi. Kumbi nyingi za vijana alizopigia zilisaidiwa na pesa za umma. Hapa kwetu mwenye nyumba anafunga mlango tarehe sita, na ukiingia jengo tupu usiku hutaitwa mpinzani, utaitwa mwizi, na unajua kinachofuata. Uhuru wa The Ex ulikuwa na msingi, na msingi huo ulilipiwa na watu wa kodi wa Uholanzi. Yeyote anayekwambia ni bidii peke yake anakuuzia maji ya mvua.

Lakini angalia pia kile ambacho hakikuhitaji posho. Kuweka jina la mzee mbele hakuhitaji posho. Kuandika kwenye karatasi nani alipiga nini hakuhitaji posho. Kukataa kusaini "haki zote, milele, ulimwenguni kote" hakuhitaji posho, kunahitaji tu mtu aliyesoma ukurasa wa mwisho. Mimi natengeneza video, si muziki, na hizo barua pepe zinanifikia karibu kila mwezi: mtu anataka kazi yote, milele, kwa pesa ya nauli ya kwenda Rongai na kurudi. Kama wananiandikia mimi, wewe mwenye sauti nzuri wanakuandikia nini?

Na sisi tuna deni la zamani. Miaka ya 1970 na 1980 Nairobi ilikuwa jiji la santuri. Super Mazembe na Les Mangelepa walitoka Kongo, Simba Wanyika walitoka Tanzania, wote walirekodi hapa. Ketebul Music wamefanya kazi ya heshima kukusanya na kuhifadhi historia ya muziki wetu. Lakini jiulize: kanda kuu za ngoma ambazo babu yako alizichezea ziko kwenye kabati la nani? Mpiga gitaa aliyezipiga, akisikia wimbo wake kwenye tangazo leo, anajua ampigie nani simu? Ethiopia walipoteza miaka yao kwa amri ya kutotoka nje. Sisi hatukuwa na Derg. Tulikuwa na mikataba.

Ndiyo maana nafurahi nikisikia bendi kama Crystal Axis hapa Nairobi, wanapiga panki yao na wanaimba kuhusu Leopold na Kongo. Panki ya Afrika haihitaji kibali kutoka London. Lakini natamani pia mmoja wao, ama wewe, aende kumtafuta mzee fulani wa nyatiti, wa mwanzele, wa mugithi, wa benga ya zamani, amwambie: chagua nyimbo, sisi tutakusindikiza. Jina lako mbele, na karatasi tusome pamoja kabla ya kusaini.

The Ex wenyewe wamebadilika sana. Luc, mpiga besi, aliondoka 2002, na baadaye wakaendelea bila besi kabisa. Sok aliondoka 2009 baada ya miaka 30 kwenye kipaza sauti, na wengi walidhani mambo yameisha. Arnold de Boer akaingia, sauti nyingine, gitaa la tatu, na albamu zikaendelea: Catch My Shoe 2010, 27 Passports 2018, na hii ya 2025. Kati ya hizo mbili za mwisho kuna miaka saba. Miaka saba! Hakuna algorithimu iliyowaharakisha. Walitoa walipokuwa na kitu cha kusema.

Ukitaka kuanza, usianze na ya kwanza. Anza na Moa Anbessa, kwa sababu masikio yako ya Afrika Mashariki yatajua pa kushika. Kisha Turn. Kisha Scrabbling at the Lock, upatane na ile chelo. Ukifika hapo na bado uko na hamu, rudi 1980 usikilize vile vijana walisikika walipokuwa bado hawajui kupiga, lakini tayari walijua kazi ni ya nani.

Niambie hapo chini: ukipewa studio kwa siku mbili na uhuru wa kumchagua mzee mmoja wa muziki kutoka kwenu, ungemwita nani? Taja na chombo anachopiga. Nataka kuwatafuta.